Nadhiri ya Uwanja wa Ndege

Sikuomba ruhusa ya mtu kumshukuru Mungu, na kwa umri huu sitaanza kuiomba. Ninasema hivi mapema kwa sababu hapa Kilindoni yanazunguka maneno kwamba sisi wanawake wa Jumamosi tumemkaidi mkuu wa uwanja wa ndege. Maneno hayo ni ya kweli. Tumemkaidi. Ila wanaoyasema hawaelezi tumemkaidi kwa jambo gani, na hilo ndilo ninalotaka kuliandika kwa mkono wangu.

Nilizaliwa Kirongwe, kwenye minazi na mikorosho. Shangazi yangu alinisomesha Kurani mpaka nikahitimu, kisha akanisomesha vitabu vya fikihi ambavyo wasichana wengi wa wakati wangu hawakuvifungua. Nikaolewa huku mjini. Nyumba ya mume wangu, Mungu amrehemu, iko karibu na uwanja kiasi kwamba ndege ikitua vikombe hugongana kabatini. Wakati ule uwanja haukuwa na lami. Ulikuwa majani na kokoto za matumbawe, na ng'ombe walilala pale kama wako kwao.

Binti yangu kitinda mimba alishikwa na uchungu siku mbaya. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na daktari akasema hapa hawana uwezo, apelekwe Dar es Salaam. Bahari ilikuwa imechafuka, hakuna nahodha aliyekubali kuvuka kwenda bara, Nyamisati. Ikaitwa ndege. Nilisimama pembeni ya uwanja, mwanangu amelazwa juu ya kitanda cha kamba, nikaiona ndege ikishuka, ikakaribia kabisa, halafu ikainua pua na kupanda tena. Rubani alikuwa ameona kitu njiani. Wanaume wakakimbia kwenda kutazama. Yalikuwa mawe. Watoto walikuwa wameyapanga kuwa magoli ya mpira jioni iliyotangulia, wakaenda zao kula.

Ndege ilipokuwa ikizunguka juu, na wanaume wakitupa mawe pembeni, ndipo nilipoweka nadhiri. Nilisema: Ya Rabi, ukinirudishia mwanangu akiwa hai, basi kila Jumamosi, maadamu miguu yangu inanibeba, nitaondoa chenye kudhuru katika njia hii. Alirudi. Alirudi na mtoto wa kike, na mtoto huyo leo ni mwanamke mzima anayenisahihisha jinsi ya kupika wali.

Shangazi alinifundisha kwamba imani ina matawi mengi, na lililo chini kabisa ni kuondoa njiani kitu chenye kuwaudhi watu. Mimi nilishika tawi la chini kwa kuwa ndilo nililoweza kulifikia.

Nilianza peke yangu. Wa kwanza kunifuata alikuwa mke mwenzangu. Yeye ni mzaliwa wa kisiwa cha Juani, upande wa Kua, amekulia kwenye kilimo cha mwani na ulimi wake una chumvi ya huko. Siku aliposikia ninakokwenda alinisimamia mlangoni.

"Unakwenda kuifagilia serikali, na uani kwako kumejaa maganda ya mihogo?"

"Maganda hayampindui rubani," nikamjibu.

Jumamosi iliyofuata nikageuka nyuma nikamwona anakuja na ufagio begani. "Sikuja kukusaidia," akasema. "Nimekuja kuona kama kweli unafagia au unakwenda kupunga upepo." Ameniambia maneno hayo hayo kwa miaka, na hajakosa Jumamosi isipokuwa tulipokuwa sote wawili katika eda.

Wakaja majirani. Akaja mama mmoja mwenye asili ya Kihindi, ambaye mwanawe ana duka la vitambaa karibu na soko. Alikuja na chupa ya chai ya maziwa yenye iliki, akatunywesha sote, kisha akakunja pindo la gauni lake akaingia kazini. Wanaume walikuja siku za msaragambo, kazi ya pamoja, kufyeka majani makubwa. Jumamosi ilibaki yetu.

Kazi yetu ina utaratibu wake. Tunasimama safu moja, kutoka ukingo mmoja wa njia ya ndege mpaka ukingo wa pili, kila mtu na upana wa mikono yake. Tunakwenda pamoja, kila mmoja akimswalia Mtume kimoyomoyo, hatua moja, salawati moja. Hakuna anayempita mwenzake. Mwendo ni wa yule mzee kuliko wote, na tangu zamani huyo ni mimi. Wenye haraka huumia roho mwanzoni, baadaye huona kwamba mwendo wa taratibu ndio unaoziona kokoto. Ilipokuja lami hatukuacha. Lami haina majani, lakini ina mchanga unaoletwa na maji, kokoto, misumari, vifuniko vya chupa. Wakuu wa uwanja waliopita walitujua. Walitufungulia, wakatuambia saa ambayo hakuna ndege, wakaendelea na shughuli zao.

Kisha akaja huyu mpya, kijana kutoka bara, mwenye adabu, na shati lililopigwa pasi vizuri. Wakati wake uzio wa waya ukakamilika pande zote. Jumamosi moja tukakuta kufuli langoni, na yeye mwenyewe amesimama ndani pamoja na askari.

"Shikamoo, Bibi. Shikamooni nyote."

"Marahaba, baba. Tufungulie, jua linapanda."

"Bibi, nawashukuru sana kwa kazi mliyofanya. Lakini imekwisha. Kuanzia leo hakuna raia atakayeingia kule kwenye njia ya ndege."

Mke mwenzangu akasogea mpaka pua ikagusa waya. "Kunguru je? Maana nawaona wamo ndani, na sidhani kama wana vitambulisho."

Askari alicheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

Mkuu hakukasirika. Akatoa mfuko mdogo wa plastiki, akamimina kilichomo kwenye kiganja chake, akatuonyesha kupitia kwenye waya. Zilikuwa njiti za chelewa, zile za ufagio wa makuti.

"Hizi niliziokota mwenyewe Jumamosi iliyopita, baada ya nyinyi kuondoka. Zimelala juu ya lami. Pangaboi la ndege likizunguka linavuta kila kitu kidogo kilicho chini yake. Na siku mmoja wenu akigongwa, nitamjibu nini mwanawe?"

Nilichukua njiti moja. Ilikuwa yetu. Ilikatwa mshazari upande wa kitako, kama tunavyokata sisi, na ilichomoka kwenye ufagio kwa sababu tunafunga fagio zetu kwa kamba, si kwa waya. Nikasimama pale na njiti mkononi, nikafikiri: miaka yote hii macho yetu yameona kokoto iliyo ndogo kuliko punje ya mtama, na hatukuwahi kuiona njiti ya chelewa. Kwa nini? Kwa sababu kisiwani kwetu njiti ya chelewa si taka. Iko kila ua, kila jiko, tunaichokolea meno, tunaichomea samaki. Ikianguka chini, jicho linaipita kama linavyoupita mchanga. Mgeni tu ndiye angeiona.

"Kweli," nikamwambia. "Hizi ni zetu."

"Nashukuru umenielewa, Bibi."

"Nimekuelewa kuhusu fagio. Kuhusu lango, bado."

Tukarudi nyumbani. Siku hiyo nilikaa juu ya mkeka wangu tangu adhuhuri mpaka alasiri nikiupima moyo wangu, kama ni kiburi kinachonisukuma au ni nadhiri. Nilikuta vyote viwili vimo, nikamwomba Mungu aniondolee kimoja.

Habari zikamfikia sheikh wetu. Alikuja kunijulia hali, akaniambia kwa upole kwamba dini ni nyepesi, na aliyezuiwa ana udhuru, na kama roho yangu haitulii basi ipo njia ya kafara: nilishe masikini, au nifunge, nipumzike.

"Kafara ni ya aliyeshindwa, sheikh. Mimi miguu ninayo."

"Lakini lango limefungwa."

"Limefungwa na mtu. Angekuwa amelifunga Mungu, ningekaa."

Akacheka akashika kofia yake. "Basi, Bi mkubwa, Mungu akusaidie. Mimi nimeshakusaidia kwa kadiri ninavyojua."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda tena, na iliyofuata, na iliyofuata. Fagio tuliziacha nyumbani. Tulichukua ndoo za plastiki. Mke mwenzangu alitaka tubebe mapakacha, nikamwambia mapakacha nayo ni makuti, yatatudondoshea tuliyokatazwa. Lango likiwa limefungwa, tulijipanga kwenye barabara inayokuja langoni, ukingo hadi ukingo, tukaokota kwa mikono. Tuliinama kama wavunaji wa mwani. Tukifika langoni tulisimama, tukamwamkia askari, tukageuka. Sikupiga kelele, na sikumruhusu mtu apige. Nilitaka tu mkuu aamke kila Jumamosi atuone.

Mjini walitucheka. Waendesha bodaboda wanaongoja abiria pale njiapanda walipata mchezo mpya.

"Bibi, mmepoteza pete?"

"Tunatafuta akili zako," mke mwenzangu akamjibu bila kuinua mgongo. "Ulizidondosha juzi, mama yako katutuma."

Mimi vicheko havikuniuma. Kilichoniuma kilikuwa kuiona lami ng'ambo ya waya, na kujua kwamba Jumamosi zinapita na nadhiri yangu imesimama nje kama mwombaji. Kila ndege iliyotua nilisikia vikombe vikigongana nikasema moyoni: hii nayo imepita bila mimi.

Halafu siku moja mkuu akatoka nje ya lango. Alitusubiri mpaka tulipomaliza barabara, akachuchumaa mbele yangu maana mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza.

"Bibi, nimeambiwa habari ya nadhiri. Sikuijua. Nyumbani kwetu pia bibi yangu ana mambo yake na Mungu, na hakuna anayeyaingilia. Nimefikiri. Wewe nitakuingiza. Wewe peke yako. Askari atakuwa pembeni yako, kila Jumamosi, muda mfupi, ndege zikiwa hazipo. Utatimiza ahadi yako, na mimi nitalala usingizi."

Sitaficha: moyo uliruka. Niliinuka kabla sijajua nimeinuka. Nadhiri niliiweka mimi. Sikumtaja mke mwenzangu, sikumtaja jirani wala mama wa duka la vitambaa. Kwa hesabu ya kitabu, mlango ulikuwa umefunguka na ningeweza kupita.

Niliwatazama wenzangu. Mama mwenye asili ya Kihindi alikuwa akikaza kifuniko cha chupa ya chai ambacho kilikuwa kimeshakazika. Mke mwenzangu akasema, "Nenda. Ahadi ni yako. Sisi tutakungoja hapa." Hakutia mzaha hata kidogo, na mimi ninayemjua nilisikia jinsi ilivyomchoma.

Nikamrudia kijana.

"Baba, Mungu akulipe kwa nia yako. Lakini hukunisikia vizuri, au waliokusimulia hawakusimulia vizuri. Sikuahidi kutembea juu ya lami. Niliahidi kuondoa chenye kudhuru. Peke yangu, na macho haya, nitaona kokoto moja na kuziruka nyingine. Askari wako atanishika mkono, watu watatazama uzioni, na mimi nitakuwa natembezwa kama bibi harusi. Mungu atakuwa amepata nini? Na huyo rubani?"

"Bibi, nimekupa ninachoweza."

"Najua. Nami ninakikataa. Kikija cha safu nzima, utatukuta hapa hapa."

Alisimama akajipangusa magoti. Nadhani nilimuumiza, na sikufurahi. Alirudi ndani akafunga. Tulipofika kwenye kona yetu mke mwenzangu akaniambia, "Wewe mwanamke ni mkaidi, hata marehemu alikuwa akilalamika." Kisha akanichukulia ndoo yangu akaibeba pamoja na yake.

Masika ikaingia. Wiki hii tuliyo nayo ilianza na mvua ambayo hata wazee wenzangu waliisifu. Ilinyesha Ijumaa iliyopita yote mpaka alfajiri ya Jumamosi, ikakatika ghafla, jua likatoka. Tulikwenda kama kawaida, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Tulipokaribia uzio tukaona. Mtaro wa kando ulikuwa umefurika, ukautapikia uwanja. Upande wa mwisho wa njia ya ndege lami ilikuwa haionekani vizuri. Imefunikwa mchanga, kokoto, vipande vya matumbawe, mabua. Na katikati ya uchafu ule, mkuu wa uwanja, suruali imekunjwa mpaka magotini, anachota kwa koleo, na askari anaokota. Watu wawili.

Tulisimama uzioni. Mke mwenzangu hakuweza kujizuia. "Baba, inama kwa magoti! Mgongo hauuzwi dukani!"

Aliinua kichwa akatuona. Akatazama saa yake, akaliacha koleo akaja langoni huku anatafuta ufunguo mifukoni.

"Ndege ya asubuhi iko Dar es Salaam," akasema. "Nimeomba waisubirishe. Abiria wamejaa, na wa huku wengine ni wagonjwa wana miadi hospitalini. Bibi, nitawafungulia. Lakini mtavaa vizibao vya reflekta, nikisema tokeni mnatoka, hakuna fagio, na ni leo tu kwa ajili ya dharura."

Nilitaka kumjibu lile la mwisho. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini kule nyuma yake lami ilikuwa imejaa chenye kudhuru, na aliyeweka nadhiri kama yangu hasimami langoni kubishana wakati kokoto ziko njiani. Nikasema, "Tupe hivyo vizibao."

Tulivivaa juu ya mabuibui. Vilikuwa vya machungwa, vyenye mistari inayong'aa, na vikubwa kwetu. Mama wa duka la vitambaa alivifunga vya wenzake nyuma kwa fundo kama mtu anayepima nguo. Tukasimama safu. Mkuu naye akaingia, akasimama kati yangu na mke mwenzangu, na koleo lake.

Hatua ya tatu akawa ametupita.

"Rudi," mke mwenzangu akamwambia. "Hapa hapitwi mtu."

"Lakini ndege..."

"Rudi, baba," nikasema. "Mchanga mzito ondoa na koleo, ukimaliza ngoja tukufikie."

Akarudi. Tukaenda kwa mwendo wangu, ndoo zikijaa na kumwagwa nje ya mtaro, migongo ikipanda na kushuka. Nilikuwa nimeikosa sauti ile, kokoto inapogonga plastiki. Machozi yalinitoka, nikayaacha yadondoke. Maji hayadhuru pangaboi. Tulipofika mwisho tukageuka tukarudia, kwa sababu siku zote tunarudia. Askari alipiga magoti akalaza shavu karibu na lami akitazama kama kuna kitu kinachojitokeza, akakuta mbegu moja ya korosho, akaja kuniletea kama mtu aliyeokota lulu.

Mkuu alizungumza kwenye simu. Kisha akatukusanya langoni, akatuambia asante, akasema amefurahi, na nilimwamini. Akanyoosha mkono kupokea vizibao.

Nilikitazama changu. Kilikuwa tope tupu.

"Hivi ni vichafu, baba. Mimi nilifundishwa kurudisha amana ikiwa safi. Tutavifua."

"Hakuna shida, Bibi. Tutafua wenyewe."

"Hapana. Tutavileta Jumamosi."

Akaelewa. Nilimwona akielewa. "Bibi. Nilisema leo tu."

"Nilikusikia. Na mimi nimesema Jumamosi."

Wenzangu walikuwa wameshatoka langoni wanaelekea mjini, safu ya vizibao vya machungwa juu ya nguo nyeusi.

"Jamani, hivyo ni mali ya serikali!" akaita.

Mke mwenzangu aligeuza kichwa bila kupunguza mwendo. "Na sisi je, mali ya nani?"

Tulipita sokoni hivyo hivyo. Pale njiapanda waendesha bodaboda walitutazama, na mmoja akatuamkia. Mlio wa ndege ulisikika kabla hatujafika nyumbani, ikapita juu yetu chini kabisa, na sikutazama juu. Nilikuwa naangalia nisikanyage dimbwi.

Vizibao tumevifua mimi na mke mwenzangu kwa sabuni ya kipande, baada ya ugomvi, kwa sababu yeye aliogopa sabuni ya unga itaondoa ile mistari inayong'aa. Sasa vimekauka, tumevikunja, viko kwenye kiti cha barazani. Mwanangu amenipigia simu kutoka Dar es Salaam kuniomba nimtume mtu avipeleke uwanjani, mambo yaishe kwa amani. Nimemwambia amani ipo, hakuna aliyeivunja.

Kesho ni Jumamosi. Sijui kama yule kijana atafungua. Ana wakubwa wake, na mimi nina Mkubwa wangu, na kila mmoja wetu anaogopa anapostahili kuogopa. Namwombea kwa jina lake kila baada ya sala. Lakini mke mwenzangu ameshasema, nami nakubaliana naye, kwamba kizibao chake hatakipitisha juu ya uzio. Atakikabidhi ndani, mkononi, akiwa amesimama juu ya lami.